Gunia, Kopo na Bakuli

Ndugu msomaji, katika kabati la sebuleni kwangu hapa Sumbawanga limo kopo moja tupu ambalo mke wangu ameomba mara nyingi tulitupe. Ni kopo la plastiki nyeupe lenye kifuniko cha kijani, na ubavuni lina picha ya familia inayocheka. Ndani yake palikuwa na unga wa kukoroga, ulioitwa kirutubisho cha mwili. Mwaka 1998 nilimuuzia kopo hilo dada yangu wa tumbo moja. Unga ulipokwisha yeye aliligeuza kopo la kuwekea chumvi, na miaka mingi baadaye akanirudishia. Silitupi kwa sababu kopo hilo ni maandishi, na mimi kwa kazi yangu nilikuwa mwalimu wa Kiswahili. Kwa zaidi ya miaka 30 niliwafundisha watoto wa watu jinsi ya kuhakiki maandishi: nani anasema, anamwambia nani, anataka msikilizaji afanye nini, na ni jambo gani amelinyamazia. Kopo hili sikulihakiki wakati ulipokuwapo. Nalihakiki leo, na pamoja nalo nitahakiki maneno mengine tuliyoambiwa juu ya chakula hapa Ufipa tangu nilipokuwa mtoto.

Nianze na habari yenyewe. Mwaka ule mshahara wa mwalimu ulikuwa haufiki katikati ya mwezi. Rafiki mmoja akanialika kwenye semina. Ukumbini tulimkuta mgeni aliyevaa suti, akatuchorea ubaoni jinsi mtu mmoja anavyowaingiza wenzake watatu, na kila mmoja wa hao watatu anavyoingiza watatu wake, hata ubao ukajaa viduara na mistari. Kiduara cha juu kabisa kilikuwa peke yake, na kila mmoja wetu ukumbini alijiona yuko humo. Hesabu niliifanya baadaye sana, wakati nimekwisha kupoteza fedha. Ukienda kwa watatu watatu, hatua ya kumi peke yake inahitaji watu 59,049. Mji wetu usingeweza kuwatoa watu hao, na kama ungewatoa, wangemuuzia nani? Kampuni siitaji, maana makampuni ya namna ile yalikuwa mengi na yapo hadi leo, na kosa ninalolisimulia ni langu.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa dada yangu. Alikuwa akiishi kijijini upande wa Laela, na mtoto wake wa kiume, wa miezi 14, alikuwa hakui. Kwenye kadi ya kliniki mstari wake ulikuwa umetoka katika rangi ya kijani ukaingia katika ya kijivu. Nilimwambia, "Dada, hili ndilo jibu. Humu mna kila kitu." Hakuniuliza maswali. Mimi ndiye niliyesoma katika familia yetu. Aliuza madebe matatu ya maharage, akanipa fedha, akachukua kopo la mwezi mmoja.

Sasa fuatana nami, msomaji, tupige hesabu nyingine. Madebe matatu ya maharage ni zaidi ya kilo 50. Mtoto mdogo ukimpikia gramu 50 za maharage makavu kila siku, na hicho ni kipimo cha ukarimu, kilo 50 zitamtosha siku 1,000. Wataalamu wa lishe husema kwamba siku 1,000, tangu mimba kutungwa mpaka mtoto kutimiza miaka miwili, ndizo zinazoamua kwa kiasi kikubwa kimo chake, akili yake na afya yake ya baadaye. Nilimuuzia dada yangu siku 30 za kopo kwa siku 1,000 za maharage.

Tulisome basi kopo lenyewe. Kwa mbele lina maneno makubwa: nguvu, uhai, kinga, ukamilifu. Kwa nyuma lina orodha ndefu ya vitamini na madini, kila kimoja na asilimia yake. Orodha ile ndiyo ilinivutia kuliko picha, kwa kuwa tarakimu humfanya mtu wa shule avue kofia. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za Kiingereza, kuna sentensi isemayo kwamba bidhaa hii haikusudiwi kutambua, kutibu, kuponya wala kukinga ugonjwa wowote. Sentensi hiyo ina historia yake. Mwaka 1994 Marekani ilitunga sheria iliyoviweka virutubisho vya namna hiyo katika fungu la vyakula, vikaruhusiwa kuuzwa bila mtengenezaji kuthibitisha kwanza kwamba vinafaa kitu, na sentensi hiyo ikawa sharti panapokuwa na madai fulani juu ya mwili. Maneno makubwa ya mbele yanaahidi, na maneno madogo ya nyuma yanaikana ahadi hiyo. Katika fasihi tungeita kinaya. Katika biashara ni kinga ya wakili.

Dada yangu hakujua Kiingereza. Mimi nilikijua. Nilimsomea ya mbele, nikamtafsiria orodha, na nilipofika kwenye ile sentensi nikaliweka kopo mezani. Hilo ndilo jambo ambalo limenifanya nilihifadhi miaka yote hii. Mtu anaweza kudanganyika, na hilo husameheka. Mimi niliiona sentensi nikairuka.

Wenyeji husimulia kwamba jina la mji wetu, Sumbawanga, ni amri: tupa uchawi wako, ndipo uingie. Na katika miaka ya 1963 na 1964 Ufipa ilipitiwa na vuguvugu lililoitwa Kamcape, ambalo mwanaanthropolojia Roy Willis aliliandikia makala mwaka 1968. Vijana walipita kijiji hata kijiji wakiwa na dawa, wakidai kuumaliza uchawi, na watu walichanjwa kwa malipo. Sisi tuliosoma tukikumbushwa habari hizo hucheka. Lakini mimi nilikwenda kijijini na dawa ya kila kitu, nikamkuta mama mwenye hofu juu ya mtoto wake, nikachukua malipo, nikaondoka. Tofauti ilikuwa kwamba dawa yangu ilikuwa na asilimia ubavuni.

Naomba nieleweke. Sisemi kwamba kila kirutubisho kinachotoka nje ya chungu ni udanganyifu. Ningesema hivyo ningekuwa nimerudia kosa lile lile kwa upande wa pili. Viko virutubisho vya nyongeza ambavyo vimeokoa watu wengi, na vingi vyao havina picha ya familia inayocheka. Matone ya vitamini A hutolewa kliniki kwa mtoto kuanzia miezi sita mpaka miaka mitano, kila baada ya miezi sita. Mama mjamzito hupewa vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini chuma na asidi foliki. Mtoto anayeharisha hupewa zinki pamoja na maji ya chumvi na sukari ya pakiti. Na zaidi ya vyote iko chumvi yenye madini joto. Wenye umri wangu wanalikumbuka rovu, ule uvimbe wa shingoni uliokuwa jambo la kawaida katika nyanda za juu, kwa kuwa udongo wa milimani mara nyingi huwa umeoshwa na mvua, ukapungukiwa na madini hayo. Mtoto ambaye mama yake alipungukiwa nayo vibaya wakati wa ujauzito anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa, na hapo hakuna shule itakayoirudisha. Dawa yake ni kiasi kidogo sana cha madini ndani ya chumvi ya kawaida, chumvi iliyofunikwa vizuri isipigwe jua wala unyevu.

Ukivitazama virutubisho hivyo vinavyofaa utaona vina tabia tatu. Kwanza, kinachopungua kinajulikana. Pili, kipimo kinajulikana, na hili si jambo dogo, kwa sababu vitamini A ile ile inayomlinda mtoto, mama mjamzito akiila kwa wingi kupita kiasi inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Tatu, anayeitoa hapati faida zaidi kwa kukutisha. Kopo langu halikuwa na hata moja kati ya tabia hizo. Lilikuwa kila kitu kwa kila mtu. Nami huwa nacheka kwa uchungu nikikumbuka kwamba siku lilipoanza kumfaa dada yangu kwa hakika ni siku alipolisafisha akatia ndani yake chumvi ya dukani yenye madini joto, akalifunika.

Sasa tuache kopo tutazame gunia. Mgeni anayepanda kutoka Tunduma kuja Sumbawanga wakati wa mavuno, kwenye uwanda huu ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, huona mahindi yameanikwa na magunia yamepangwa kando ya barabara, na malori yanayapakia. Mkoa wa Rukwa kwa muda mrefu umehesabiwa miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi. Maharage tunayo, ulezi tunao, alizeti na karanga tunazo. Tukishuka upande wa magharibi tunafika Kasanga na Kirando, Ziwa Tanganyika, kwenye dagaa na migebuka. Tukishuka upande wa mashariki tunafika Muze, bonde la Ziwa Rukwa. Ng'ombe nao tunao.

Pamoja na hayo yote, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano mkoani Rukwa, 56 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko inavyopasa umri wao. Ilikuwa idadi kubwa kuliko ya mkoa mwingine wowote, wakati wastani wa nchi ulikuwa 34. Utafiti wa mwaka 2022 ukaonyesha tumeshuka mpaka 50 hivi, wakati wastani wa nchi ni 30, na mikoa iliyotutangulia kwa ubaya ni Iringa na Njombe, ambayo nayo ni mikoa ya shibe. Basi mikoa mitatu yenye udumavu mwingi kuliko yote ni mitatu ya nyanda zile zile zinazopeleka magunia kwa wengine. Mtu akikuambia udumavu ni njaa, mwonyeshe takwimu hizo.

Gunia la mahindi halikuwa bwana wa Ufipa tangu zamani. Wazee wetu walilima intumba, yale matuta ya duara ambamo nyasi hufukiwa ndani ya udongo zioze. Juu ya tuta lilipandwa jamii ya maharage, na msimu uliofuata tuta lilisambazwa, ulezi ukapandwa. Ulikuwa ukulima wenye akili, nao ulileta chunguni mambo mawili yanayohitajiana, kwa kuwa kile kinachopungua katika nafaka kwa ajili ya kujenga mwili kimo ndani ya maharage. Ulezi wenyewe una kalisi, yaani madini ya mifupa, kupita nafaka nyingine zote tunazolima. Gramu 100 zake zina miligramu zaidi ya 300. Kisha katika miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima, na Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo sote tuliliita NMC, likawa linayanunua hata huku mbali kwa bei ile ile ya karibu na Dar es Salaam. Mbolea ya ruzuku ikaja. Mahindi yakapanda juu ya uwanda kama moto wa kiangazi. Bei moja iliondolewa katika miaka ya 1980, wafanyabiashara binafsi wakaingia, na katika miaka ya 2010 barabara ya lami ikakamilika. Kila hatua ilileta fedha, nami siikatai fedha, ndiyo iliyonisomesha. Lakini kila hatua pia ililifanya gunia liwe na njia nyepesi zaidi ya kutoka nyumbani. Na lililobaki nyumbani hupelekwa mashineni likakobolewa, ganda na kiini vikaenda kwa mifugo, tukala sembe nyeupe kwa kuwa dona tumejifunza kuiona ni chakula cha shida.

Je, hatukuambiwa? Tuliambiwa sana. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati redio ilipoleta kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, kisha Chakula ni Uhai mwaka 1975. Watu wazima walikusanyika kwa vikundi wakizunguka redio, wakiwa na kijitabu na kiongozi wao, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaamua watakachokwenda kufanya. Kosa lake moja ni kwamba ilikuja kwa msimu ikaondoka kwa msimu. Lakini ilikuwa na fadhila moja ya kisarufi ambayo ni mwalimu wa lugha tu atakayeitaja: ilisema "sisi". Baba aliketi pale, mama aliketi pale, mwenye ng'ombe na asiye naye. Jambo likiamuliwa, mwenye gunia alikuwapo wakati wa kuamua.

Baadaye yalikuja mabango ya ukutani kliniki. Sote tunayakumbuka yale makundi matatu: vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu, na vya kulinda mwili. Mafundisho yake yalikuwa ya kweli, nami niliyafundisha darasani bila kusita. Lakini hebu tulitazame bango kwa jicho la mhakiki. Ndani ya picha yumo mama na mtoto na meza iliyojaa samaki, mayai, mchicha na machungwa. Baba hayumo. Jembe halimo. Saa haimo. Maneno yote yanasema "wewe mama": mpe, mpikie, mlishe, usisahau. Anayeambiwa ni yule ambaye mara nyingi haulizwi gunia linapouzwa. Kutoka "sisi" tulifika "wewe". Na kopo lilipokuja likachukua hatua ya tatu: "wewe" akawa "mteja". Mama aliyekwisha kuambiwa kwa miaka 20 kwamba afya ya mtoto iko mikononi mwake peke yake, na anajua mikono yake haina kitu, atakosaje kununua? Bango lilipanda aibu, nami nikaja na kopo nikavuna.

Nifike kwenye bakuli, maana ndilo linaloamua. Tumbo la mtoto wa miezi saba au minane ni dogo, hujaa kwa kiasi cha kikombe kidogo. Maziwa ya mama yanaendelea kumfaa, lakini tangu miezi sita hayatoshi peke yake. Ndipo tunampa uji. Uji wa mahindi ukiwa mwepesi wa kumezeka ni maji matupu kwa sehemu kubwa. Ukiutia unga wa kutosha unasimamisha mwiko, mtoto hawezi kuumeza. Basi anashiba maji. Wataalamu wanataka mtoto wa miezi sita mpaka minane ale mara mbili au tatu kwa siku, na wa miezi tisa mpaka miaka miwili ale mara tatu au nne na vitu vidogo katikati. Wa kwetu wengi hula asubuhi kabla mama hajaenda shamba na jioni akirudi.

Na hapa pana jambo ambalo kila nikilifikiri naona haya kwa niaba yetu wote. Dawa ya uji mzito ilikuwa imo ndani ya nyumba zetu. Ukiloweka ulezi, ukauacha uote siku mbili tatu, ukaukausha na kuusaga, unapata kimea. Kijiko kimoja cha kimea ukikikoroga katika uji mzito uliopoa kidogo, uji unalegea ndani ya dakika chache, kwa sababu ndani ya mbegu iliyoota mna vimeng'enya vinavyoukata wanga. Unaurudisha motoni uchemke tena, na mtoto anakunywa uji mwepesi wenye unga mwingi. Isitoshe, kuotesha huko hupunguza vile vitu ndani ya nafaka vinavyozuia mwili kulipata madini chuma. Katika miaka ya 1980 wataalamu wetu wa lishe waliuchunguza unga huo na kuusifu kwa ajili ya watoto. Ulihitajika kusifiwa Ufipa? Sisi kimea tunakijua kuliko karibu watu wote wa nchi hii. Ndicho tunachopikia kimpumu. Kila nyumba iliyopata kupika pombe inajua kuloweka, kuotesha, kuanika na kusaga. Ujuzi ulikuwapo, ulezi ulikuwapo, na kazi yote tuliimaliza mpaka hatua ya mwisho, kisha kimea kikaenda kwenye mtungi wa baba badala ya bakuli la mtoto.

Kimea peke yake hakitoshi, nisije nikauza kopo jingine. Uji unahitaji karanga zilizosagwa au dagaa waliotwangwa wazima wazima na mifupa yao, unahitaji maharage yaliyopondwa, mboga za majani, tunda. Mikono inahitaji kunawa, kwa sababu mtoto anayeharisha kila mwezi hupoteza alichokila. Lakini hakuna hata kimoja katika orodha hiyo kisichopatikana juu ya uwanda huu au kwenye mteremko wake. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na mtoto mchana akampa bakuli la tatu na la nne kwa subira, kijiko baada ya kijiko. Palizi na mavuno huchukua kila mkono, na mkono wa kwanza kuchukuliwa ni wa mama.

Zilipotoka takwimu za mwaka 2022 nilifunga safari kwenda kwa dada yangu. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, jambo ambalo nilikuwa nimelikwepa kwa zaidi ya miaka 20. Nilimwambia habari ya ile sentensi ya Kiingereza niliyoiruka. Alikuwa akichambua maharage kwenye ungo, wala hakuacha kuchambua. Akasema, "Mdogo wangu, unga wako mimi nilijua mapema kwamba haumsaidii. Nilikuwa naurefusha, nampa kijiko nusu ili usiishe, kwa sababu fedha ilikuwa imeshakwenda." Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea: "Lakini kosa usilibebe peke yako. Wewe ulikuwa unauza kopo, mimi nilikuwa nauza maharage, shemeji yako alikuwa anauza mahindi. Sote tulikuwa sokoni. Mtoto alikuwa na nani?"

Mtoto mwenyewe, mpwa wangu, yuko hai na ni mkulima hodari. Ni mfupi kuliko wadogo zake wote. Darasani alisumbuka sana, akaishia la saba, nami nilikuwa mwalimu niliyesema kwamba mvulana huyu hana bidii. Siwezi kudai kwamba madebe matatu ya maharage yangeyabadili maisha yake, na hakuna mtu anayeweza kunihakikishia kwamba yasingeyabadili. Ninaishi na mashaka hayo, na nimeona ni haki kuyaandika.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote, katika jambo hili methali hiyo imetudanganya kwa nusu. Kibaya kweli hujitembeza. Leo kinapita stendi kwa kipaza sauti, na kinaingia katika simu ya mama kabla hajaamka. Lakini kizuri hakijiuzi. Maharage hayasemi. Ulezi hauna wakala. Chumvi yenye madini joto haina mtu aliyepanda daraja kwa kuiuza. Kizuri kikinyamaza hupakiwa katika lori. Kwa hiyo ni lazima wawepo watu wa kukisemea, na wa kwanza inafaa tuwe sisi tulio na gunia mkononi, yaani akina baba.

Ushauri wangu, ndugu msomaji, ni mdogo na hauna asilimia ubavuni. Kabla ya lori kufika, baba na mama wakae pamoja wapime kwanza maharage ya mwaka mzima ya mama na mtoto, wayafunge, na gunia hilo lisiuzwe hata bei ikipanda namna gani. Wakati wa palizi wakubaliane nani atabaki na mtoto, na kama jibu ni baba, basi ni baba. Kliniki ikitoa matone au vidonge, vipokelewe, kwa maana hivyo vimepimwa. Na akija mtu nadhifu na kopo lenye kila kitu, aombwe kwa upole asome pia yale maneno madogo ya nyuma, kwa Kiswahili, kwa sauti.

Mpwa wangu naye amepata mtoto mwaka huu, binti, anakaribia miezi sita. Wiki iliyopita nilinunua ulezi sokoni, nikauloweka mwenyewe, nikauotesha, nikauanika juu ya turubai uani, huku majirani wakiniuliza ninapika kimpumu ya nani. Jumamosi nakipeleka mashineni. Kopo nimeshaliosha, nalo litaondoka katika kabati kama mke wangu alivyotaka. Litabeba kimea.